Kijiji Chenye Majina Matatu

Nimewaonea watu wivu kwa mambo mengi maishani: nywele, waume, nyumba zenye bustani nyuma. Lakini wivu ulionifanya nitende jambo baya haukutokana na hayo. Ulitokana na kijiji kimoja cha Poland ambacho sijawahi kukikanyaga.

Nilikijua kupitia kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akiishi peke yake Bordesley Green, hapa Birmingham, katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na nyumba za jirani. Mimi nilikuwa mtunzaji wake. Kila asubuhi nilitoka kwangu Small Heath, nikapanda basi, na ikifika saa moja na nusu nilikuwa nimeshafungua mlango wake kwa ule ufunguo unaowekwa ndani ya kisanduku cha namba ukutani. Nilimwogesha, nikamvisha, nikampikia uji wa oti na kuhakikisha amemeza dawa. Nilipewa dakika arobaini na tano. Wenzangu walimwita kwa jina lake, kama ilivyo desturi ya huku. Mimi nilishindwa kumwita mtu wa umri wa bibi yangu kwa jina tupu, nikamwita Mama.

Wiki za kwanza hakunipenda. Sikuchukia. Wazee wengi hawapendi kuvuliwa nguo na mgeni. Halafu asubuhi moja nikamvuta nywele kwa bahati mbaya kwa kitana, akanung'unika neno ambalo sikulijua.

"Hicho ni Kipolandi, Mama?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Ni Kijerumani?"

"Hapana pia."

"Basi ni nini?"

"Ndivyo tunavyosema nyumbani," akajibu, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Kuna ya huyu, kuna ya yule. Na kuna yetu."

Tulianzia hapo. Wakati huo kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kuchakaa pembeni. Alisahau kama amekula, akaita rimoti "ile sabuni". Muuguzi wa wazee aliyekuja kumpima aliniambia nimzungumzishe mambo ya zamani, kwamba hayo ndiyo huondoka mwisho. Nyumbani nilikuwa na kipande cha karatasi ya kubandika ukutani, kilichobaki baada ya kupamba chumba cha binti yangu. Nikakibeba, nikakitandaza juu ya meza ya chakula upande wake mweupe ukiwa juu, nikakigandamiza kwa kopo la sukari na Biblia yake, nikashika penseli.

"Nichoree kijiji chenu," nikasema.

"Mimi siwezi kuchora. Mikono inatetemeka. Chora wewe. Anza na barabara. Kijiji chetu ni barabara tu, hakuna kingine."

Nikachora barabara ndefu. Akanielekeza kuweka nyumba pande zote mbili, kila moja ikielekeza ubavu wake mwembamba barabarani, na kando yake lango kubwa la kupitisha mkokoteni. Nyuma ya lango kuna ua, nyuma ya ua kuna ghala la nafaka, na nyuma ya ghala shamba jembamba kama utepe linaloendelea mpaka msituni. Msitu ulikuwa wa misonobari, upande wa kusini. Udongo wa huko ni mchanga mtupu, akasema, haukubali ngano, unakubali viazi na rai, ile nafaka ya mikate myeusi. Upande wa kaskazini ardhi inateremka polepole kwenye malisho yenye majimaji mpaka mto Odra, na mto ukifurika, ng'ombe hupelekwa kulala uwanjani mwa kanisa. Kanisa liko katikati. Mbele yake kuna bwawa la zimamoto, na kijito kinachokatiza barabara na kuendesha kinu cha kusagia. Kila mwisho wa kijiji kuna msalaba wa mawe.

Tulichora kwa mwaka mzima, dakika tano leo, dakika kumi kesho, uji ukipoa. Niliandika majina ya vitu kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoandika upesi. Kanisa. Bwawa. Nyumba ya fundi viatu. Jiwe la kukalia wanaosubiri basi. Alipotambua si Kiingereza alicheka mpaka akakohoa.

"Kijiji changu kimewahi kulazimishwa mengi," akasema, "lakini hili jipya."

Siku moja nilimuuliza upande wa Wajerumani ulikuwa upi na upande wa Wapolandi upi, nikawa tayari nimeanza kuvuta mstari katikati ya barabara. Akanishika mkono.

"Futa. Hakukuwa na pande. Ilikuwa meza moja. Bibi yangu alisali kwa Kipolandi, baba aliandika barua kwa Kijerumani, mama alimkaripia ng'ombe kwa zote mbili."

Ndipo akanieleza habari ya majina. Kijiji kilikuwa na jina la kale, lenye asili ya Kipolandi lakini likiandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya Mjerumani kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyeona ajabu. Hata misalaba ile miwili ilichongwa maneno ya Kipolandi wakati Mjerumani akitawala, na hakuna aliyeigusa. Halafu wakaja watu wa Hitla. Wao waliona jina la kale linanuka Upolandi, wakalifuta, wakabandika jina jipya la Kijerumani safi ambalo hakuna aliyelitumia isipokuwa tarishi. Yeye alizaliwa chini ya jina hilo. Bibi yake akakatazwa kusali kwa sauti. Vita vilipokwisha, yeye akiwa na miaka saba, nchi ikawa ya Poland na jina la tatu likaja, la Kipolandi. Sasa kilichokatazwa kikawa Kijerumani. Shuleni akaandikwa jina jingine, si lile alilobatizwa. Alinionyesha shavu alilopigwa kofi na mama yake kwa kusema "habari za asubuhi" kwa Kijerumani ndani ya duka, mbele ya watu wasiojulikana.

"Mama hakuwa mkali," akasema. "Aliogopa."

Amri ilitolewa maandishi ya Kijerumani yaondolewe hata makaburini. Baba yake aliambiwa achonge na kuzitoa herufi kwenye jiwe la kaburi la baba yake mwenyewe. Hakuchonga. Alikoroga saruji nyepesi, akaipaka juu ya herufi, akailainisha kwa kiganja. Miaka mingi baadaye, baada ya serikali ile ya kikomunisti kuanguka, binamu zake waliibandua saruji kwa kisu, na jina la babu likatoka zima.

Sasa hivi kijiji kina bango la kijani pale kinapoanzia. Jina la Kipolandi liko juu, na chini yake lile la kale la Kijerumani. Alikuwa na picha yake kwenye fremu, juu ya televisheni, mahali ambapo wengine huweka picha za harusi. Majina yenyewe sitayaandika. Wenyewe bado wapo, na si juu yangu kuyatangaza.

Ile picha ilinichoma kila asubuhi nilipoipangusa vumbi.

Niseme kwa nini. Mimi nimekulia Voi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yangu ni Mjaluo, mama yangu Mtaita. Walikutana kwa Kiswahili, wakapendana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili, na kila mmoja akaifungia lugha yake kwa heshima ya mwenzake. Walifikiri wanatutendea wema. Wajomba wa baba walipokuja kutoka Siaya, mimi ndiye niliyebeba sinia la chai, nikasimama nalo mlangoni wakicheka jambo ambalo sikulielewa, na mmoja wao akauliza kwa Kiswahili cha huruma, "Huyu mtoto hasikii?" Kwa mama, kule milimani, ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa mgeni pande zote mbili. Na sasa nilikuwa namvisha soksi mwanamke ambaye serikali mbili zilijaribu kumng'oa ulimi, na bado alikuwa na lugha zake zote, na bango juu ya hayo. Najua ni vibaya kumwonea wivu mtu aliyepigwa kofi dukani kwa ajili ya lugha. Nilimwonea hata hivyo.

Ila wivu huo ulikuwa na utamu wake, maana nilijiona nina hisa. Hakuna mtu mwingine Birmingham nzima aliyejua fundi viatu aliishi nyumba ya ngapi. Mumewe, aliyetoka kijiji cha jirani, alikuwa amekufa zamani. Yeye alilazimishwa kuvaa sare ya Mjerumani, akatekwa Italia, kisha akavaa sare ya Poland chini ya Mwingereza, na baada ya hapo hakuthubutu kurudi. Alimwandikia barua huyu binti wa kwao mpaka akaja kuolewa. Hawakupata watoto. Basi mrithi wa kijiji kile, nikajiambia, ni mimi.

Halafu akaanguka bafuni. Aliporudi kutoka hospitali hakuweza tena kusimama, akaletewa mashine ya kumnyanyulia, ile yenye kombeo la kitambaa. Mashine hiyo sheria inataka watu wawili. Ofisi ikaniletea mwenzangu, Mpolandi, mwanamke wa umri wangu, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu na miwani iliyofungwa kamba shingoni.

Siku ya kwanza alimwinamia yule mama kitandani, akasema sentensi moja. Mama akafumbua macho. Akajibu. Mwenzangu akacheka, akasema jingine, na mama, ambaye tangu hospitali hakuwa akisema zaidi ya ndiyo na hapana, akatiririka kama bomba lililozibuliwa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda nimeshika kombeo. Nikaona tena lile sinia la chai mikononi mwangu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Ah, mambo ya kwao," mwenzangu akajibu kwa Kiingereza. "Mimi pia ni wa huko. Nimekulia mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kijijini kwake."

Nusu saa! Kati ya watu wa Poland nzima, ofisi ikaniletea wa nusu saa.

Wiki ya pili niliumwa bega, nikapumzika siku tatu. Niliporudi, karatasi yetu ilikuwa imetandazwa mezani. Juu ya penseli yangu kulikuwa na wino wa bluu. Kanisa, bwawa, msitu, vyote vimeandikwa kwa Kipolandi kwa herufi nzuri za mtu aliyesoma. Na kinu kilikuwa kimekatwa kwa mistari miwili, kikahamishiwa upande wa pili wa barabara.

"Kinu kiko kushoto," nikasema. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

"Kulia," akasema mwenzangu kwa upole. "Nimewahi kupita hapo. Na nilimuuliza. Alipokuwa anakwambia kushoto alikuwa anajiona ametoka kanisani, amelipa kanisa kisogo."

Mwaka mzima nilikuwa nimeweka kinu mahali pasipo pake. Nilimwangalia mama anikingie kifua. Akatabasamu tu, akasema kitu kwa Kipolandi, wakacheka wawili wao.

Kuanzia siku hiyo nilianza kuhesabu. Alimtazama nani kwanza tukiingia? Alishika mkono wa nani tukimgeuza? Mwenzangu alileta keki ya mbegu nyeusi za poppy, mama akala yote. Nilipomletea mandazi niliyoyaamkia alfajiri, akamega kipande akakiacha kwenye kisahani. Nyumbani nilimlalamikia binti yangu, mwenye miaka kumi na tano, aliyezaliwa hapahapa.

"Wanaongea lugha yao mbele yangu kama vile mimi sipo," nikamwambia.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyofanya siku zote, bila kuinua macho kwenye simu: "Kama wewe na mashangazi kanisani mkiongea Kiswahili mbele ya rafiki zangu?"

Nilimwambia anyamaze na aoshe vyombo.

Jumatatu iliyofuata nilimpigia simu msimamizi wa ratiba. Nilizipanga sentensi zangu vizuri. Nikasema sina ugomvi na mtu. Nikasema ninachojali ni usalama: tunamnyanyua mgonjwa kwa mashine, na mwenzangu anatoa maelekezo kwa lugha nisiyoielewa, na siku moja mtu ataumia. Kila neno lilikuwa kweli ukiliangalia peke yake. Lakini kwenye mashine alikuwa akisema Kiingereza siku zote, "moja, mbili, nyanyua". Kipolandi kilikuwa cha kabla na baada. Hilo sikulisema.

Msimamizi alinishukuru kwa kujali. Wiki hiyohiyo mwenzangu akahamishiwa kwa wazee wa upande wa Selly Oak.

Mama yangu ana msemo anaoupenda, kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda. Nililala vizuri wiki nzima.

Nafasi yake ilichukuliwa na dada mmoja Mkongomani, mcheshi, mwenye kuimba akifanya kazi. Tuliposikia tu kwamba sote tunajua Kiswahili, basi. Chake kilikuwa cha Lubumbashi, changu cha Voi, na tulicheka kila mmoja akishangaa maneno ya mwenzake.

"Mama huyu ni lourd, dada," akasema asubuhi moja tukivuta kombeo, akimaanisha mzito. "Vuta kwako kidogo. Bon. Minamushika."

Tukaendelea hivyo, tukizungumza juu ya bei ya mihogo Coventry Road na mchungaji fulani anayehubiri kupita kiasi, na katikati yetu, akining'inia hewani, yule mama aligeuza kichwa kutoka kwangu kwenda kwa mwenzangu, kutoka kwa mwenzangu kuja kwangu.

"Mnasema nini?" akauliza kwa Kiingereza. "Mnasema nini juu yangu?"

Nilisema, "Hakuna, Mama. Mambo ya kwetu." Nikayasikia maneno yangu mwenyewe, nikakumbuka ni nani aliyewahi kunijibu hivyo kitandani hapo hapo.

Haikupita muda akaanza kupoteza Kiingereza. Kilimwondokea kwa vipande, majina ya vyakula kwanza, kisha salamu. Ikafika wiki ambayo hakubaki nacho hata kidogo. Kila tulipomweka kwenye kiti chake cha kukalia mchana alianza kulia neno moja. *Ryczka*, alisema. *Ryczka*. Tulimletea maji, akayasukuma. Tulimletea beseni, blanketi, miwani, rozari. Niliteremsha picha ya bango kutoka juu ya televisheni nikamwekea mapajani. Aliitazama kama kitu cha mtu mwingine. *Ryczka*, akalia, machozi yakimtiririka, huku akipigapiga miguu. Nilitafuta neno hilo kwenye simu kwa Kipolandi, sikupata maana yoyote inayoeleweka. Nikatafuta kwa Kijerumani, halikuwepo kabisa.

Siku nne alilia. Siku ya nne dada Mkongomani akaniuliza, "Ule Mpolandi wa mbele yangu, huna namba yake?"

Nilikuwa nayo. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kibaraza chenye mapipa ya taka, nikampigia. Nilimsomea neno.

"Miguu yake inafika chini?" akauliza.

"Nini?"

"Akiwa kwenye kiti. Miguu inagusa sakafu?"

Haikugusa. Kile kiti kipya kutoka hospitali kilikuwa kirefu, na yeye alikuwa mfupi.

"Anataka kigoda cha kuwekea miguu. Kule kwetu ndivyo wanavyokiita, si Kipolandi cha vitabuni. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nakuja."

Mimi mwenyewe ndiye niliyekiondoa kigoda hicho. Kilikuwa kidogo, cha mbao, alichokitengeneza mumewe. Baada ya lile anguko niliandika kwenye fomu kwamba kinaweza kumkwaza mtu, nikakisukuma kwenye stoo chini ya ngazi. Nilikitoa, nikakipangusa, nikakiweka chini ya miguu yake. Akaacha kulia papo hapo. Akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Yule mwenzangu Mpolandi alikuja kwa treni kutoka Selly Oak kisha kwa basi, akafika amelowa mvua. Alikaa naye saa moja akimzungumzisha. Mimi nilienda jikoni kutengeneza chai, na alipokuja kuchukua kikombe chake nikamwambia.

"Niliyekulalamikia ofisini ni mimi."

"Najua," akasema.

"Walikwambia?"

"Waliniambia mwenzangu amelalamika. Tulikuwa wawili tu."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nikasema samahani. Nikasema nilimwonea wivu, kwamba mimi ndiye niliyemjua mama kwanza na kuchora kile kijiji, na yeye akaja akakichukua kwa asubuhi moja.

Alivua miwani akaifuta kwa fulana. Hakutabasamu.

"Unafikiri ni kijiji changu," akasema. "Bibi yangu hakuzaliwa kule. Alifukuzwa kwao mashariki, Warusi walipochukua nchi, akaletwa kwa behewa la mizigo pamoja na ng'ombe. Wakapewa nyumba ya Wajerumani waliofukuzwa nao. Kabatini kulikuwa na sahani za wenyewe. Miaka mitatu bibi hakufungua masanduku yake, akisubiri kurudishwa. Watu kama huyu mama, ambao hawakuondoka, walitutazama sisi kama wezi. Neno hilo *ryczka* nililijua kwa sababu mtoto wa jirani alinicheka shuleni nilipoita kigoda kwa Kipolandi cha kawaida. Nilikaa nusu saa kutoka kijijini kwao maisha yangu yote, na sikuwahi kukaribishwa meza moja nao. Nimekuja kukaribishwa hapa, Birmingham, nikimbadilisha nepi."

Akanywa chai.

"Na hicho ndicho ulichoniondolea," akasema.

Hakuniambia amenisamehe. Nilipiga simu ofisini kesho yake, nikasema nilikosea, lakini ratiba ilikuwa imeshapangwa na msimamizi hakutaka kuipangua. Basi yeye akawa anakuja Jumamosi kama mgeni. Mimi nilipanga niwe na kazi hiyo Jumamosi. Alikaa kitini karibu na dirisha, akanitafsiria sentensi moja moja, si zote. Kuna nyingine alizibakiza, nami sikuuliza. Sitadanganya kwamba haikuniuma.

Yule mama alifariki majira ya kuchipua, asubuhi, kabla sijafika. Mpwa wake alikuja kutoka Ujerumani kwa mazishi, mwanaume wa makamo aliyevaa koti zuri na viatu visivyofaa mvua. Mama yake alikuwa dada wa marehemu. Wazazi wake walihama naye kijijini akiwa na miaka sita, wakati familia nyingi zilipokuwa zikiondoka kwenda Ujerumani Magharibi, na huko walimkataza kusema neno lolote ambalo watoto wengine wangelitambua kuwa la Kipolandi. Alikuwa na Kijerumani na Kiingereza, basi. Kanisani, padri aliposoma kwa Kipolandi na mwenzangu akaimba, yeye alisimama akitazama viatu vyake.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani, sisi watatu. Akaiona karatasi mezani.

"Marehemu alinitajia kuna mchoro," akasema. "Ni lugha gani hii ya penseli?"

"Kiswahili."

Aliinama muda mrefu. "Nyumba yetu ni ipi?"

Nilimwonyesha. Ya tisa kutoka kanisani, upande wa msitu, yenye lango la kijani. Nikamwambia hapo kwenye ua kulikuwa na mti wa peasi uliopigwa na radi, na kwamba jirani wa kushoto alifuga nyuki, na kwamba jiwe la kaburi la baba wa babu yake lilipakwa saruji na babu yake mwenyewe ili lisichongwe. Nilikwenda na kidole barabara nzima, kutoka msalaba hadi msalaba. Nilisoma Kiswahili changu nikimwambia kwa Kiingereza, na mwenzangu akaongezea pale penye wino wake. Mwanaume yule alitoa kitambaa akapenga kamasi.

"Hakuna aliyewahi kuniambia haya," akasema. "Mama alikataa kabisa kuyazungumza. Ninyi mnayajuaje? Nawaonea wivu, kusema kweli."

Tulitazamana, mimi na yule Mpolandi, ng'ambo ya meza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tuliangaliana bila kupimana.

Aliomba achukue karatasi. Ilikuwa haki yake, na sikutaka kumpa. Nilisimama na kiganja juu yake kwa muda usiofaa, mpaka mwenzangu akakohoa. Nikaikunja taratibu kuwa bomba, nikaifunga kwa raba ya nywele niliyoivua kichwani, nikampa. Teksi yake ilipokata kona nilijuta kwa nini sikuipiga hata picha.

Hatukuwa na kazi tena mle ndani, lakini tulifua shuka, tukafuta friji, tukafunga madirisha. Kisha tukatembea pamoja mpaka kituo cha basi. Aliniuliza natoka wapi hasa, maana Kenya ni kubwa. Nikaanza kumweleza Voi, nyumba za reli na kelele za treni, na nilipofika kwenye lugha za wazazi wangu akaniuliza kama bado wako hai. Nikasema wako hai wote wawili. Akanitazama tu kama mtu anayemtazama mwenye chakula asiyekila.

Basi lake likaja kwanza.